Hijazi kwa mkono wa kushoto: kwa wanaoanza gitaa Mtwara

Hijazi ni skeli, yaani mfuatano wa noti, ile unayoisikia kwenye taarabu. Kabla ya kuipiga, tuanze na gitaa lenyewe. Vijana wenye mashoto huuliza kwanza gitaa lao linauzwa wapi. Hapa Mtwara usihangaike nalo madukani. Agiza Dar es Salaam kama korosho zimelipa, la sivyo chukua la kawaida uligeuze. Lakini kugeuza si kuhamisha nyuzi tu. Kile kipande chenye mifereji, pale shingo inapokutana na kichwa, kimechongwa kufuata unene wa kila uzi. Ukigeuza, uzi mnene unakaa juujuu bila kuzama, na mwembamba unachezacheza kwenye mfereji mpana na kukuletea mlio wa ovyo. Kichongwe kingine cha mfupa. Fundi vinyago mwenye tupa nyembamba ataiweza kazi hiyo, ukimpa na nyuzi zenyewe apimie.

Gitaa la umeme halisumbui zaidi ya hapo, kwa sababu nyingi zina skrubu ya kurekebisha kila uzi darajani. Galatoni, yaani gitaa lisilo la umeme, daraja lake limelazwa mshazari. Ukiligeuza, nyuzi nene zinazidi kupotoka kadiri unavyopanda shingo. Kwa anayetaka kushusha tyuni, yaani kulegeza nyuzi zitoe sauti nzito kuliko kawaida, mimi nasema aanze na la umeme.

Ukishusha nyuzi zote toni nzima, yaani freti mbili (freti ni vile vyuma vilivyokata shingo), mkazo unabaki takriban asilimia 79 ya ule wa kawaida. Uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ukifika C, toni mbili chini, unabaki asilimia 63 hivi. Seti nyembamba ya namba 9 (unene wa uzi wa kwanza, kwa elfu za inchi) hapo inageuka kamba ya kuanikia nguo. Tafuta ya namba 11, na uzi wake wa sita uwe 52 ukibahatika. Ukimaliza kupiga, zipanguse kwa kitambaa kikavu. Chumvi ya bahari inazila upesi.

Sasa skeli. Usizishike kwa picha za vidole. Nyingi zimechorwa kwa watu wa mkono wa kulia, na majina ya noti yaliyoandikwa pembeni ni ya tyuni ya kawaida. Wewe umegeuza gitaa, tena umeshusha, kwa hiyo zinakupoteza mara mbili. Hesabu nusu toni kuanzia mzizi, yaani noti ya kuanzia. Freti moja ni nusu toni moja, upige kwa mkono wowote na kwa tyuni yoyote.

Hijazi ni 1-3-1-2-1-2-2. Shusha uzi wa sita tu uwe D, nyingine ziache. Piga uzi huo mtupu, bila kuubana, kisha freti ya 1, 4, 5, 7, 8, 10 na 12. Uzi wa nne nao ni D, kwa hiyo freti ni zilezile, sauti tu inakuwa juu. Hata ukishuka hadi C-G-C-F-A-D, uzi wa sita na wa nne bado ni ndugu. Acha wa sita uvume mtupu, tembea juu ya wa nne polepole. Huhitaji bendi wala spika ya kukusindikiza. Kazi ngumu ni kutoka freti ya 1 kwenda ya 4: weka kidole cha shahada kwenye 1, kile kidogo cha mwisho kwenye 4, kisha kiteleze hadi 5.

Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani huiweka Hijazi mwishoni kabisa. Aliyekulia Mikindani ameisikia kwenye taarabu na kaswida kabla hajajua gitaa ni nini. Anza nayo, hata kabla ya meja, ile skeli ya do-re-mi.

Mwalimu wako akiwa wa mkono wa kulia, keti mkabala naye: utamwona kama uko mbele ya kioo. Wanafunzi wenzako wa mkono wa kulia hawana bahati hiyo.

Tony Iommi wa Black Sabbath, naye mashoto, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani, na kwake huo ndio mkono wa kubana nyuzi. Kufikia 1971 alikuwa anashusha toni moja na nusu, nyuzi zilegee. Dick Dale, Mmarekani mwenye baba wa asili ya Lebanoni, hakupanga hata nyuzi upya. Uzi mnene ulikaa chini. Skeli iliyomtambulisha mwaka 1962 ni Hijazi yetu ikiwa na freti ya 11 badala ya ya 10. Ijaribu.

Skeli ya Kihangari, 2-1-3-1-1-3-1, na ya Kijapani, 2-1-4-1-4, zifuate baadaye kwa hesabu hiyohiyo.

Bayati, skeli nyingine ya Kiarabu, ndiyo italeta ubishi, kwa kuwa sauti yake ya pili iko katikati ya freti ya 1 na ya 2. Bana ya 1, sukuma uzi kidogo. Ukiwa umeshusha tyuni unatii kirahisi. Rasti, nayo skeli ya Kiarabu, ina sauti mbili za namna hiyo, ya tatu na ya saba. Mimi nimewaachia wapiga udi.