Mjomba, huku nilishinda kesi bila kusikilizwa

Mjomba, Desemba uliniuliza mbele ya watu wote pale Umoja: "Nyinyi Wajerumani, kesi zenu huchukua siku ngapi?" Nikacheka, nikageuza mazungumzo. Ulikuwa umetoka kortini na ile faili yako ya kaki kwapani, kesi ya ploti imetajwa tu bila kusikilizwa, tarehe nyingine imetolewa, na mwaka wa sita huo. Jibu la haraka lingekuwa majigambo. Sasa nimerudi kwenye baridi yangu ya Ujerumani, nikujibu vizuri.

Yangu ilichukua wiki tatu.

Nilifutwa kazi ghalani kwa barua ya mistari minne. Rafiki yangu Mghana, tuliyekuwa zamu moja, aliniuliza jambo moja tu: barua umeipata lini? Sheria ya huku inakupa wiki 3 za kwenda kortini kupinga kufutwa. Zikipita, hata kama mwajiri alikosea, umefutwa kihalali. Kwetu Kenya kesi kama hiyo una miaka 3 ya kuifungua. Nilikwenda korti ya kazi bila wakili, maana katika ngazi hiyo ya kwanza hata ukishinda hurudishiwi ada ya wakili wako. Nikaelekezwa chumba ambamo karani, mama wa miwani mizito, kazi yake ni kukuandikia madai. Aliuliza, akachapa, nikatia sahihi. Hakunidai hata senti.

Siku yenyewe nilivaa suti niliyonunua Gikomba. Jaji alikaa peke yake, kwa kuwa kikao cha kwanza ni cha kujaribu kuwapatanisha. Mngeshindwa kuelewana, ndipo wangeongezwa raia wawili wakae naye, mmoja wa upande wa waajiri, mwingine wa wafanyakazi. Nilikuwa nimejipanga, Mjomba. Nilikuwa na hadithi yangu yote kichwani: yule msimamizi, usiku ule, jina aliloniita mbele ya wenzangu.

Sikuulizwa. Jaji alikuwa ameshasoma kila karatasi. Alimgeukia wakili wa kampuni akamwambia barua yenu ni dhaifu, sababu ni hizi. Akanigeukia mimi: ukiendelea utangoja miezi, na ukishinda utarudi kwa msimamizi yuleyule, unataka? Kisha akataja hesabu ambayo huku wengi huanzia hapo, nusu mshahara kwa kila mwaka uliofanya kazi. Mimi nilikuwa na minne, basi mishahara miwili. Nikaanza, "Lakini yule msimamizi aliniita..." Akainua kiganja, kwa adabu kabisa, akasema hilo halibadilishi hesabu. Wakili akaguna kidogo, akakubali. Nikakubali. Jaji akachukua kinasa sauti kidogo, akayasoma makubaliano yetu ndani yake pamoja na koma na nukta zake. Dakika kumi na tano. Mlangoni watu wa kesi inayofuata walikuwa wanavua makoti.

Ndiyo tofauti yenyewe hiyo. Sisi tulirithi kwa Mwingereza, na si urithi wa mdomoni tu: sheria yetu inayosema korti ifuate nini bado inataja sheria za Uingereza jinsi zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Katika mtindo huo hakimu ni wa kuletewa. Mawakili ndio wanaobeba kesi, kwa hiyo wako akiwa na kikohozi, au amekwenda korti nyingine, siku imekwisha na nauli yako imeliwa. Huku jaji ndiye anayeiendesha kesi. Mashahidi anawauliza yeye kwanza, na mtaalamu humteua yeye. Mahali pa kuanzia ni kitabu cha sheria, na kile kikubwa cha madai kinatumika tangu 1 Januari 1900. Uamuzi wa korti ya juu anauheshimu, lakini kwa kawaida haumfungi kama unavyowafunga mahakimu wetu ule wa Mahakama ya Juu.

Sasa sikiliza kinachouma. Huku, katika kesi ya madai, mwenye kesi kwa kawaida hahesabiwi kuwa shahidi wa kesi yake. Ile siku uliyoshika Biblia ukaeleza saa nzima ulivyouza ng'ombe watatu ukanunua ile ploti, hakimu akiandika kwa mkono na kukwambia "polepole, mzee", huku ingekuwa barua ya kurasa mbili aliyoiandika wakili.

Kuhusu ploti yenyewe, nisikufiche: huku huenda isingefika kortini. Ardhi haiuzwi bila notari, mwanasheria anayewasomea mkataba kwa sauti, neno kwa neno, muuzaji na mnunuzi mmekaa mbele yake mkipambana na usingizi. Ada yake iko kwenye sheria na si ndogo. Daftari la ardhi nalo kwa kawaida linatunzwa na korti ya eneo. Ile fulskapu mliyotia sahihi wewe na muuzaji, mashahidi wakinywa soda, huku ingehesabiwa si mkataba. Kwa hiyo mnaposema korti za Wazungu zina kasi, jueni ugomvi mwingine ulizimwa mezani kwa notari, na mtu alilipia.

Shangazi, wewe deni lako la fundi wa milango usilipeleke kwa wakili. Kuna ile Mahakama ya Madai Madogo, ilianza kazi Milimani, Nairobi, 2021, inachukua madai hadi shilingi milioni 1 na sheria inaitaka imalize kwa siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Hiyo haiko mbali sana na ya huku.

Mishahara yangu miwili iliingia benki mwisho wa mwezi. Jina aliloniita yule msimamizi halimo kwenye karatasi yoyote, nimetafuta. Ng'ombe wako watatu wamo kwenye faili, kwa mwandiko wa hakimu. Ukipewa tarehe ya kusikilizwa, si ya kutajwa, niambie mapema nitafute tiketi.