Unasema Zanzibar, mimi nasoma Muheza

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mume wangu ni Mchagga wa Marangu, kitinda mimba kwao. Tuna miaka sita ya ndoa, na kila Desemba lazima twende kwao mlimani. Mwaka jana safari ilimeza 2,400,000. Nikifika nageuzwa mfanyakazi: siku ya tatu tu naamshwa saa kumi na moja alfajiri kumenya ndizi, moshi machoni, chakula napata wa mwisho, na wanaongea Kichagga makusudi nisielewe. Mama mkwe hanipendi. Mwaka jana alisema kitu kuhusu kucha zangu nikamjibu kidogo, tangu hapo simu zangu hapokei. Kwetu ni Muheza, mama yuko peke yake tangu baba afariki, lakini kila mwaka tunapita Segera, njia panda ya kwenda kwetu, moja kwa moja. Mwaka huu nimelipia hoteli Zanzibar, 400,000 za mwanzo kutoka kikoba changu, twende sisi wanne tu, familia. Mume sijamwambia. Nimwambieje mpaka akubali? – Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Pole kwa moshi, na pole zaidi kwa msiba wa baba. Pole zimeishia hapo.

Barua yako ilikuwa na kurasa nne, hapo juu nimeacha kiini tu. Nianze na hesabu, maana wewe mwenyewe umeitanguliza pesa. Ukurasa wa pili umeandika mchanganuo: mafuta ya gari 350,000, mchango wa mbuzi 180,000, zawadi za wakwe 150,000, vinywaji 500,000, "mengineyo" 500,000, na nguo zako na za watoto pamoja na nywele 720,000. Jumla inakuja sawasawa 2,400,000, hongera kwa kuweka rekodi. Lakini tazama, katika kila laki mliyotumia, mama mkwe na wenzake wamepata elfu sita na kidogo. Wewe na watoto mmevaa elfu thelathini. Sasa mlima umekumeza wapi? Uliyemlaumu ndiye aliyekula kidogo kuliko wote. Na ukurasa wa tatu umelalamika kwamba mlirudi na "mizigo isiyo na maana": mikungu mitatu ya ndizi, debe la maharage, kahawa na maparachichi. Debe zima la maharage, Januari, ada za shule zikiwa mlangoni! Mwanangu, hiyo ndiyo mizigo yenye maana kuliko vyote ulivyobeba kwenda.

Tuje kwenye utumishi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umepewa kisu badala ya jembe, na kwa siku ileile ya tatu. Hiyo si dharau, ni kuambiwa umeshakuwa mtu wa nyumbani. Dharau yenyewe ingekuwa kukukalisha sebuleni na soda miaka sita. Unasema walipogawa nyama ya mbuzi "hawakuniuliza nataka ipi, wakaniita jina wakanipa". Ndivyo inavyogawiwa! Mbuzi wa ukoo hachaguliwi kama buchani, kila kiungo kina mwenyewe, na mtu asiye na nafasi yake haitwi jina. Wewe uliitwa. Na kula wa mwisho ni desturi ya wapishi, maana anayepakua hujipakulia mwisho. Angalia vizuri, mama mkwe naye alikula saa ngapi? Hukuandika. Nakisia alikula baada yako.

Saa kumi na moja alfajiri ina sababu yake pia. Watu wanakwenda ibada ya Krismasi, baada ya ibada kuna mnada wa sadaka nje ya kanisa, ndizi na mayai na kuku vinapigwa bei, watu wanasalimiana hadi jua linasimama. Wakirudi wana njaa, na ni watu arobaini. Ndizi za watu arobaini hazimenywi saa nne.

Na kwa kuwa miaka sita umemenya bila kuuliza unamenyea nini, nikwambie. Mtori unataka ndizi mshare, zilizokomaa lakini mbichi kabisa. Zikianza kugeuka njano mtori unakuwa mtamu kama uji wa mtoto. Paka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza, utomvu hautashika. Kanga nzuri usivae, doa la utomvu wa ndizi halitoki. Kata ncha mbili, chana ganda kwa urefu, toa, tumbukiza kwenye maji papo hapo zisiwe nyeusi. Kwa watu kumi na wawili hivi, chemsha kilo tatu za nyama ya mifupa na chumvi mpaka iachie mfupa, kisha tia vidole thelathini vya ndizi katika supu hiyohiyo. Zikiiva toa nyama, ponda ndizi zikiwa za moto, ongeza supu ya moto kidogo kidogo. Wengi wanaharibu hapa: wanamwagia maji ya baridi, yanakuwa mabonge ambayo hayapondeki tena. Kitunguu, rudisha nyama, na maziwa mwisho kabisa moto ukiwa mdogo, la sivyo yanakatika.

Mtori huo, kwa taarifa yako, ndio chakula cha mzazi. Umeandika ukurasa wa tatu kwamba ulipojifungua mtoto wa kwanza mama mkwe "alikuja akakaa miezi mitatu akanitawala jikoni kwangu". Akipika nini? Mwanamke aliyeacha ng'ombe wake wa zizini, ambao majani wanaletewa mdomoni kila siku, akaja kulala Tabata kwenye joto na mbu miezi mitatu akikupikia, wewe unaniandikia kwamba hakupendi. Mimi nimeisoma barua mara mbili nikitafuta kosa lake, nimekuta kosa moja: alisema kuhusu kucha. Na kucha zenyewe umezitaja kwa urefu wake! Za bandia, zinazometa, kwenye mkungu wa ndizi. Alichosema si adabu, nakubali. Lakini hakuongopa.

Sasa hilo "nilimjibu kidogo". Hakuna mama anayenyamaza mwaka mzima kwa neno dogo. Mwishoni kabisa, baada ya jina lako, ukaongeza kamstari: "Nilisema tu kwamba kwao ni porini, na kwamba mimi sikuolewa na kihamba." Mbele ya mawifi. Kwa Wachagga, mwanangu, kihamba si shamba. Shamba liko chini tambarare, la mahindi. Kihamba ni migomba, kahawa, mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita, nyumba, na makaburi ya waliotangulia chini ya migomba hiyohiyo. Umemwambia mama, amesimama hatua chache kutoka alipolala mume wake, kwamba mahali pale ni pori. Na mume wako ni kitinda mimba. Kwa mila yao nyumba ya wazazi inabaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Kaka zake walioko Mwanza na Nairobi watajenga kwingine. Jiko lile la moshi unalolilaani ni lako. Ukichoshwa na moshi, nunua mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko la mafiga mawili, bei yake haifiki nusu ya hizo 720,000. Kuni zibaki kwa masufuria makubwa.

Watu wanatania kwamba Wachagga wanakwenda "kuhesabiwa" Desemba. Utani una ukweli ndani yake. Wakati huo ukoo wote uko nyumbani, kwa hiyo ndipo kikao cha ukoo kinapokaa, harusi na ubatizo vinapangwa, makaburi yanasafishwa, madeni yanazungumzwa, na watoto wanaonyeshwa mpaka wa kihamba unapita wapi. Mpaka wenyewe ni mstari wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha kihamba kinaishia wapi. Mwanao ana miaka mitano, anaanza kukumbuka. Asipoonyeshwa sasa, ataonyeshwa na wakili siku za baadaye, na wakili anatoza.

"Sisi wanne tu, familia." Hapa niruhusu nitoke kidogo nje ya barua yako, maana maneno haya nayasoma kila wiki. Zamani familia ilijaza lori, siku hizi inaenea kwenye bajaji. Wanandoa wanavaa fulana za rangi moja, wanapiga picha mbele ya mti wa plastiki, wanaweka maneno ya kumshukuru Mungu kwa familia, na simu ya mama imekaa hapo pembeni haijapigwa siku tisa. Kisha mtoto anapata homa kali saa nane za usiku, au kazi inaisha ghafla, ndipo familia inakumbuka kuwa na shangazi, bibi na binamu. Ndoa inayojitenga na watu wote ili ipumzike itakosa wa kuiamulia siku ikigombana. Mnakuja kuniandikia mimi, nisiyewajua hata sura.

Turudi Tabata.

Kuna mstari mmoja tu katika kurasa zako nne ulioandikwa bila hasira, nao ndio wenye maumivu. "Kila mwaka tunapita Segera." Huendi Zanzibar kwa sababu ya bahari. Kwenu Muheza bahari iko jirani, Tanga si mbali. Unakwenda Zanzibar kwa sababu ukisema unataka Krismasi kwa mama yako unaogopa utaambiwa hapana, na Zanzibar haimpi mama yeyote ushindi. Umechagua kuwanyima wote wawili. Hapo ndipo una haki na madai, na umeyaficha nyuma ya hoteli. Mumeo naye ana kosa hapa, tena kubwa: miaka sita anapita kona ya Segera, mjane yuko mwendo wa chini ya saa moja, hajakanyaga breki. Mkwe wa kiume wa namna hiyo asidhani kupeleka mbuzi Marangu kunamfanya mtu wa mila. Mila ina pande mbili.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Leo usiku mwambie kuhusu hoteli, mwambie kabla hajaiona kwenye simu yako, na mwombe radhi. Pesa ni ya kikoba chako, uamuzi haukuwa wako peke yako. Kesho wapigie hoteli wahamishie malipo mwezi wa pili. Wakati wa sikukuu vyumba vinagombaniwa, hawatakosa mtu wa kuchukua nafasi yenu, na wakikataa kurudisha pesa, kusogeza tarehe ni rahisi kukubalika.

Shule zinafungwa mapema Desemba, kwa hiyo watoto hawana kisingizio. Mumeo aombe likizo kuanzia tarehe 18, aombe sasa, si wiki hiyo. Gari likaguliwe breki, matairi na mfumo wa kupoza maji kabla ya tarehe 15, kwa sababu mafundi wote watakuwa na foleni. Ondokeni alfajiri ya tarehe 19. Anayeondoka tarehe 23 anakuta foleni, trafiki kila kijiji, na madereva wasiolala. Segera mkate kulia, mlale Muheza siku tatu. Mama yako apate zawadi sawa na ya mama mkwe: doti ya kitenge, kilo tano za sukari, na blanketi. Sawa, nimesema. Tarehe 22 mpande Same, Mwanga, mpaka Himo, na hapo hapo Himo ndipo pa kupandia Marangu, msifike Moshi mjini kwanza kununua vitu ambavyo Himo vipo. Mwaka unaofuata mnageuza: Krismasi Muheza, mwaka mpya mlimani. Hilo lisemwe na mumeo kwenye kikao cha ukoo, kwa mdomo wake mwenyewe. Likisemwa na wewe litakuwa ugomvi.

Beba nazi kumi na tano kutoka kwenu na samaki wakavu. Tarehe 26 jikoni ni lako, uwapikie wali wa nazi. Miaka sita umekula vyao, hujawaonjesha chako.

Vinywaji vya 500,000 vifutwe. Mama yule anapika mbege. Ulezi wake ameuotesha, ameukausha na kuusaga, ndizi mbivu amezichemsha na kuziacha zichache siku kadhaa, amechuja, amechanganya na uji wa ulezi na gome la msesewe la kutia uchungu, na amepiga hesabu ya siku ili ifike tarehe 25 haijawa kali. Halafu mwanawe anateremsha kreti za bia kwenye gari mbele ya majirani. Kreti mbili kwa wasiokunywa mbege, zinatosha.

Kabla ya mkesha wa tarehe 24, nenda ukaombe msamaha. Usiende peke yako, na usiende kwa ujumbe wa simu. Mwambie shangazi wa mumeo, dada yake marehemu baba mkwe, akutangulie na jani la isale. Ndilo lilelile la mpakani. Mchagga akiletewa isale hatarajiwi kukataa. Lifanyike nyumbani, jioni, bila wageni, na maneno yawe machache: nilikosea kusema ni pori. Usiongeze "lakini". Ukiongeza "lakini, mama, na wewe ulisema kuhusu kucha" umelitupa jani. Akikujibu kwa Kichagga, sema "aika". Miaka sita, neno la asante hata moja unaweza.

Kucha uzitoe tarehe 18.