Kwa mnaoanza kuchimbua historia ya milki za Uskoti

Wageni wengi katika kazi hii huanza na swali moja: "Kasri hili ni la nani?" Likateni vipande kabla hamjafungua faili lolote. Jumba, ardhi inayolizunguka na jina la ukoo ni mambo matatu, na mara nyingi yalishaachana zamani. Tazameni Culzean, pwani ya Ayrshire. Ni jumba la akina Kennedy, lakini mwaka 1945 walilikabidhi kwa National Trust for Scotland, na ghorofa ya juu ikatengwa kwa ajili ya Jenerali Eisenhower wa Marekani. Cheo cha Markizi wa Ailsa kilibaki kwenye ukoo. Ukifuata cheo peke yake, utadhani jumba bado ni lao.

Msiamini kuta pia. Balmoral, kasri la familia ya kifalme, ina minara ya kumfanya mtu afikirie vita vya kale, kumbe Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, aliinunua milki hiyo mwaka 1852, na kasri la sasa likakamilika 1856.

Fuateni jina la ardhi kuliko jina la mtu. Huko Argyll akina Campbell wamejaa kila bonde, kwa hiyo jina la ukoo pekee halitoshi. Kote Uskoti mwenye milki huitwa kwa jina la milki yake: Cameron wa Lochiel katika barua ni "Lochiel" basi. Wanawake, kwa upande wao, huandikwa kwenye hati za kisheria kwa jina la kwao hata baada ya kuolewa. Hilo hurahisisha mno kazi ya kufuatilia mirathi.

Mgodi wenyewe ni Daftari la Sasines, lililoanzishwa 1617. Humo uhamishaji wa ardhi unasomeka karne baada ya karne, jambo ambalo watafiti wa Uingereza wanalionea wivu (na vitabu vyao vya mwongozo viacheni rafuni, kwa sababu sheria ya ardhi ya Uskoti ni nyingine kabisa). Daftari jipya linalotumia ramani lilianza 1981, ila kwa miaka mingi kilichoingiza ardhi humo kilikuwa hasa mauzo. Milki ambayo haijauzwa inaweza kuwa bado imo katika lile la zamani, mipaka yake ikielezwa kwa maneno: kijito fulani, shamba la fulani, ukuta fulani.

Mkikuta watu wawili wanatajwa kama wenye ardhi ileile, mwaka uleule, msidhani karani alilewa. Huo ni ukabaila. Aliyeikalia ardhi alikuwa na mkubwa juu yake, aliyepokea ada ya kila mwaka na kuweka masharti, na ngazi hizo zilipanda hadi kwa mfalme. Mfumo huo ulifutwa rasmi tarehe 28 Novemba 2004. Naam, juzi tu.

Kuhusu fedha: katika karne ya 17 pauni 12 za Uskoti zilikuwa sawa na pauni 1 ya Uingereza. Hati ya 1680 ikisema pauni 1,200 za Uskoti, hesabu 100 za Kiingereza kabla hujashangaa utajiri wa mtu.

Kwa wapangaji, someni orodha za makadirio ya kodi kuanzia 1855, maana zinataja mwenye mali, mpangaji na anayekaa humo.

Halafu ulizeni fedha za kununulia zilitoka wapi. Hapa ndipo kazi inaponoga, na ndipo vipeperushi vya watalii vinaponyamaza. Watumwa wa makoloni ya Uingereza walipoachiwa huru kwa sheria ya 1833, fidia ya pauni milioni 20 ilikwenda kwa waliowamiliki, na majina ya waliolipwa yako wazi. John Gordon wa Cluny, aliyekuwa na watumwa Tobago, ndiye aliyenunua South Uist na Barra, na mwaka 1851 akawapakia wapangaji wake melini kwenda Canada. Na sisi wa Afrika Mashariki tumo: William Mackinnon, ambaye meli zake zilifika Unguja tangu 1872 na kampuni yake ya Imperial British East Africa ikatawala kutoka Mombasa kwa hati ya kifalme ya 1888, alikuwa na milki ya Balinakill huko Kintyre. Amezikwa hapo kijijini, Clachan.

Wamiliki wa leo ni kazi nyingine. Milki ya Inverinate ni ya mtawala wa Dubai, hilo halina siri. Lakini pengine utakuta kampuni tu. Basi nenda kwenye daftari lililofunguliwa Aprili 2022, linaloonyesha nani ana kauli nyuma ya jina hilo. Kisiwani Eigg, ambako wenyeji walikinunua kisiwa chao mwaka 1997, anza na watu. Waulize kuhusu mabwana waliopita, andika wanavyosimulia, kisha rudi Edinburgh ulinganishe na hati.