Bolti zilizoganda: kwa anayetaka kuinua pikapu uani kwake

Kama umeamua kuinua pikapu yako nyumbani, inchi 2 tu ili ipite kwenye makorongo ya njia ya shamba, jua kwamba kufunga springi mpya si kazi. Kazi ni kutoa bolti za zamani. Mimi nililijua hilo nikiwa nimelala chini ya Hilux iliyobeba samaki Tanga kwa miaka mingi. Maji ya barafu yenye chumvi yalichuruzika kutoka kwenye matenga mpaka kwenye chesisi, na bolti za springi za nyuma zilikuwa zimebaki donge la kutu. Nilitenga Jumamosi moja. Nilimaliza Jumatano.

Kosa langu lilikuwa kuanza bila bolti mpya mkononi. Asiye na bolti mpya huibembeleza ile mbovu, anaogopa kuikata, anamaliza siku mbili akiokoa kitu cha kutupwa. Nunua zote kwanza, na nati zake, na bushi (vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye matundu ya springi), na yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli). Yubolti usirudishie za zamani, zimeshavutika. Kwenye kichwa cha bolti kuna namba, 8.8 au 10.9, tafuta yenye namba ileile. Zile zisizo na namba ni za kufungia geti.

Siku tatu kabla, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha paka mafuta asubuhi na jioni. WD-40 wengi wanayo. Ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na inasaidia kiasi. Kwa kutu ya chumvi mimi nachanganya oili ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Vitu hivi havipatani, kwa hiyo tikisa chupa kila unapotumia. Na asetoni hudaka moto upesi mno, iweke mbali na sigara.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Nati inatoka, bolti inazunguka, unashangilia. Halafu haitoki. Ndani ya bushi, katikati ya mpira, kuna kibomba cha chuma, na kutu imegandisha bolti na kibomba hicho. Unachozungusha ni vyote viwili kwa pamoja. Mpira unakubali tu kujinyonga.

Kabla ya kuchukua nyundo, jiulize kama kinachobana ni kutu au ni uzito. Chesisi ikiwa juu ya stendi na ekseli inaning'inia, bolti imebeba mzigo. Weka jeki nyingine chini ya ekseli, ipandishe na kuishusha taratibu huku mwenzako akiizungusha bolti. Kuna mahali utaisikia inalegea. Mimi nilipiga nyundo saa nzima bolti ambayo ilikuwa inasubiri jeki ipande vidole viwili.

Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, iache kwenye boksi, itakula kona za nati. Tumia spana ya ringi, au boksi spana ya pembe 6. Kaza kidogo kwanza, kutu ikivunjika utasikia mlio, ndipo ulegeze. Ikigoma, chomeka bomba la mita moja kwenye mpini, lakini vuta kuelekea kwako: spana ikichomoka wakati unasukuma, vidole vyako ndivyo vitakavyoipokea chesisi. Ukitaka kugonga bolti itoke, rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, la sivyo ncha itapanuka kama uyoga na haitapita tena popote.

Kuna watakaokwambia uchome kwa gesi. Nati ikiwa nyekundu hutanuka na kuachia, ni kweli. Ila karibu na bushi utawasha mpira, na hapo jirani kuna tangi la mafuta, mirija ya breki na shokapu. Uani kwangu sichomi. Nakata kwa grenda yenye diski nyembamba, kati ya bushi na kibati cha chesisi, upande mmoja kisha wa pili, na springi inashuka yenyewe. Futa mafuta yote kwanza, vaa miwani, na cheche zisielekee kwenye tangi.

Gari lishikwe na stendi za chuma, siyo jeki peke yake. Matofali ya saruji hupasuka bila kuaga. Litikise kwa nguvu kabla hujaingia chini.

Unaporudisha, paka grisi kwenye mwili wa bolti, lakini usizikaze bolti za bushi mpaka gari lisimame kwa matairi yake. Ukizikaza gari likiwa hewani, mpira unabaki umejinyonga na utachanika mapema. Yubolti zirudie kuzikaza baada ya kilomita 100 hivi. Zangu za Tanga zilikubali karibu nusu mzunguko.