Dogo wa Kasulu, mashine ya kuchonga meno usinunue kwanza

Kuna dogo wa Kasulu kanitumia meseji, kamaliza chuo juzi tu, mzee wake kakubali kuuza ng'ombe amnunulie mashine ya kuchonga krauni, yaani ile kofia inayovalishwa juu ya jino lililoharibika, anauliza aanze na ipi. Namjibu hapa hapa maana najua mko wengi, kila mwenye maabara ya meno siku hizi ndoto yake ni hiyo mashine.

Usinunue. Nunua skana na kompyuta ya maana, ng'ombe wengine wabaki.

Mi hapa Tabora napokea vipimo toka kwa madaktari, yaani zile alama za meno ya mgonjwa, namwagia plasta nipate umbo la meno, naliskani, nachora jino kwenye kompyuta, faili natuma Dar kwa intaneti, huko wanachonga na kuchoma, krauni inarudi na basi. Wiki iliyopita mama mmoja wa Nzega kavalishwa ya zirkonia, ile kauri ngumu nyeupe, daktari kanipigia anasema imekaa yenyewe, hajasugua hata kidogo. Aisee nilifurahi, na sifichi! Maana kuna mkubwa mmoja kwenye fani, simtaji, aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba mi ni fundi plasta tu, kompyuta niwaachie waliosoma. Yeye alinunua mashine na tanuru lake. Leo vimefunikwa kitenge.

Sababu ni hii. Zirkonia inachongwa ikiwa laini kama chaki, tena inachongwa kubwa kuliko jino lenyewe kwa asilimia 20 hadi 25, afu inaingia kwenye tanuru la nyuzi joto kama 1,500 ndo inasinyaa na kuwa ngumu, na hapo ni masaa, sasa Tanesco wakikata katikati ya safari hiyo we utamwambia nini mgonjwa? Na kila diski, yaani kile kipande cha zirkonia unachochonga, ina namba yake ya kusinyaa, ukikosea kuijaza kwenye programu krauni inatoka haiingii jinoni. Hayo waachie wenye jenereta kubwa na wateja wa kila siku.

We kazana na kuchora. Kona kali kwenye jino alilosaga daktari ili livae krauni ni balaa, kwa sababu ncha ya kuchongea ya mashine ina unene wake, haiwezi kuingia sehemu nyembamba kuliko yenyewe, kwa hiyo inakula zaidi ya ulivyochora na krauni inabaki nyembamba au inacheza. Mwambie daktari alainishe kona, usimwogope. Na kama anatumia skana ya mdomoni, ukumbuke ile inaona kinachofikiwa na mwanga tu, fizi ikivuja damu au mate yakifunika ukingo, pale krauni inapoishia kwenye jino, utachora ukingo wa kubuni. Aweke uzi wa kusukuma fizi pembeni, akaushe, ndo askani.

Vijana tunapenda mashine kuliko kazi, ndo ugonjwa wetu. François Duret kule Ufaransa aliandika habari ya kuchukua kipimo cha jino kwa mwanga mwaka 1973, na Mörmann na Brandestini pale Zurich wakamtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine yao mwaka 1985. Zaidi ya miaka kumi hapo katikati, afu we unataka vyote kwa mkupuo mmoja wa ng'ombe.

Kompyuta chukua yenye kadi ya picha inayojitegemea, na UPS usisahau. Ukishachora krauni ya kwanza nitumie faili niiangalie, bure.