Ukitaka kuchimba bwawa nyuma ya nyumba, anza na ukingo

Bwawa langu la kwanza nililichimba kwa siku mbili, nikalaza plastiki, nikafungulia maji, na yalipokaribia kujaa ndo nikaona upande mmoja yanamwagika kwenye majani huku upande wa pili plastiki nyeusi imebaki wazi upana wa kiganja kizima. Nilikuwa nimepima kwa macho tu. Uwanja wa nyuma ukiutazama unasema uko flati kabisa kumbe umeinama kidogo, na maji hayo hayo ndo yanakuonyesha. Nikayatoa yote nikaanza upya, iliniuma kweli.

Siku hizi kabla sijashika jembe nalaza mpira wa kumwagilia chini nachora nao umbo, nauacha hapo siku mbili tatu naangalia asubuhi na jioni, tena naangalia na kutoka dirishani maana bwawa mara nyingi utaliona ukiwa ndani. Umbo liwe jepesi jamani, duara lililovutika au kama figo hivi, zile kona nyembamba plastiki inajikunja vibaya sana na uchafu unajaa humo. Na usichimbe chini ya mti, wala pale chini kabisa ambako maji ya mvua yote yanakimbilia na takataka zake.

Ukishaliridhia umbo, pigilia vigingi kuzunguka, kila baada ya mita moja hivi, halafu hakikisha vichwa vyote viko levo moja. Shimo dogo unaweka ubao mnyoofu juu ya vigingi viwili na pimamaji juu yake, likiwa kubwa tumia ule mpira mwembamba unaoona maji ndani, wa mafundi ujenzi. Hivyo vichwa ndo levo ya ukingo wako, kwa hiyo upande ambao ardhi imezidi juu ushushe. Mimi sipendi kabisa kujaza udongo upande wa chini, ule udongo wa kujaza hata ukiushindilia unatitia taratibu mvua zikinyesha na unajikuta umerudi kulekule.

Hapo sasa chimba. Shuka kwanza sentimita 25 mpaka 30 eneo lote, kisha acha ngazi pembeni yenye upana wa kama sentimita 30, hiyo ndo ya kukalisha mimea ya ukingoni, halafu katikati endelea kushuka. Kama unataka samaki usiishie chini ya sentimita 60, bwawa la kina kifupi linapata joto haraka na kupoa haraka, samaki wanateseka. Kuta zisisimame wima, zilaze kidogo zikitazama nje, hasa udongo ukiwa wa kichanga maana huo unabomoka ukiwa bado umo shimoni. Na sehemu moja ifanye mteremko mpole kabisa ili chura au mnyama akiingia aweze kutoka. Kama kuna watoto wadogo weka uzio kabla ya kujaza maji, mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, tafadhali hili usilipuuze.

Udongo utakaotoka ni mwingi kuliko unavyodhani, ukichimbwa unavimba, kwa hiyo jua mapema unaupeleka wapi na usiurundike ukingoni, mvua itaurudisha ndani.

Plastiki hesabu yake rahisi, urefu wa bwawa jumlisha kina mara mbili jumlisha sentimita 60 za kulalia kingoni, na upana vilevile. Kwa hiyo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 60 linataka mita 4.8 kwa 3.8. Kabla ya kuilaza pitisha mkono shimo zima, toa kila jiwe na kata kila mzizi, kisha tandika mchanga sentimita 5 au zulia kuukuu. Halafu fungulia maji polepole huku unanyoosha mikunjo, na ile plastiki iliyozidi pembeni usiikate mpaka bwawa lijae kabisa.