Mama hataki tena kula hotelini na mimi

Juzi msomaji mmoja wa Pangani kaniandikia: "Dada, nami nataka niwe naandika kuhusu chakula tukitoka na familia, kama wewe. Nianzie wapi?" Nikamwambia anunue daftari. Jibu hilo halijanitulia, maana wakati namjibu mama yangu ana miezi minne hajakubali kutoka nami kwenda kula popote.

Miaka miwili ya mwanzo ya kuandika naiacha, haina hadithi. Nilikula chipsi nyingi, nikasifu kila kitu.

Basi Jumapili moja tulikwenda kula Raskazone, hapa Tanga, watu sita: mume wangu, mama, mdogo wangu, watoto wawili na mimi. Tukaagiza changu wa kupaka wawili na wali wa nazi. Mama hana papara na samaki. Alimnusa, akaingiza kidole gumba pembeni ya uti wa mgongo. Samaki aliyepikwa angali mbichi hubanduka kwa mapande, nyama imeshikana. Huyu alibonyea kama boga. Akachovya wali kwenye mchuzi, akatazama vile vipunje vyeupe vilivyojitenga na mafuta. "Tui limekatika," akasema. "Limeachwa linachemka lenyewe, mtu kaenda kupiga soga. Na huyu samaki kalala frizani mpaka kasahau bahari."

Tulicheka mpaka mdogo wangu akapaliwa. Kisha bili ikaja: changu mmoja shilingi 30,000. Samaki huuzwa kwa ukubwa wake, nasi hatukuuliza.

Usiku ule ule, hasira ya bili ingali kifuani, nikaandika. Maneno ya mama niliyaweka yote, na picha ya kidole chake ndani ya yule changu, pete yake ya fedha inang'aa. Asubuhi nakuta watu zaidi ya elfu mbili wamesoma. Sijawahi kupata wasomaji wengi hivyo, na sitaki kuwadanganya, nilijiona nimefika. Nawe unayesoma hapa najua ndicho unachokitafuta.

Nisilolijua ni kwamba mpishi wa pale yuko kikoba kimoja na mama. Alhamisi walipokutana hakugomba. Alimwambia tu, "Dada, mkono wako tumeuona." Mama akarudi nyumbani, akakaa mkekani, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nazungumza na wewe."

Niliifuta makala, lakini ilikuwa imeshasambaa. Mdogo wangu akaniandikia kwenye kundi la familia kwamba siku hizi tukila tunatafunwa na watu. Hilo bado linaniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Basi ushauri. Ulizia bei kabla samaki hajaenda jikoni. Pweza mwombe siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanapotoka sana watu wakafika mwambani kwa miguu; siku za maji mafu, yasipotoka sana, ukimkuta pweza tele hotelini, uliza katoka friza gani. Usiandike usiku ule ule. Lala kwanza. Nasema tena, lala kwanza, kisha rudi siku nyingine peke yako uonje tena, maana tui huweza kumkatikia hata fundi. Na bei uliza, tafadhali.

Zaidi ya yote, meza ya familia si mali yako. Tunapenda sifa za haraka sisi watu wa simu! Mzazi anafungua kinywa kwa raha zake, nasi tunakokotoa wasomaji. Tanga hii wageni waja leo waondoka leo; sisi wenyeji tunabaki, tunakutana na tuliowaandika sokoni, msibani, kwenye harusi. Muogopeni Mungu, ombeni ruhusa.

Makala hii nimemsomea mama kwanza. Kaondoa sentensi mbili, ya kidole kaiacha, kasema hiyo kila mtu keshaiona.

Ijumaa nilinunua changu mwenyewe, nikakuna nazi mbili, nikampikia kwake. Kabla ya kunawa aliniuliza simu iko wapi. Nikamwonyesha: mkobani, mkoba uko barazani. Akakaa, akaingiza kidole gumba pale pale pembeni ya uti. Alichosema kuhusu tui langu siandiki.